Basi Piteni kwa Hiyo Saa

Sebuleni kwetu, juu ya kochi la wageni, pana vyombo vitatu vya shaba vilivyopigiliwa kwenye ubao mmoja, na hakuna hata kimoja kinachosema saa ngapi. Mgeni anakaribishwa, anapewa kahawa, anainua macho aone kama alasiri imekaribia, anakuta mshale mmoja tu umeelekea chini. Anatazama tena, kisha anainamia kikombe chake. Fundi wa umeme aliyekuja kubadilisha swichi alitushauri kwa nia njema tumwite fundi saa, kwani mshale wa pili umeanguka.

Mshale haukuanguka. Ile ni saa ya maji. Iliyo katikati ni saa ya mwezi, na ya mwisho ni baromita. Vyote ni vya Mjomba, kaka yake mama, aliyefanya kazi melini miaka mingi akastaafia Southampton, kisha akarudi Unguja na ubao huo umefungwa blanketi, huku friji yake ikisafiri bila hata gazeti la kuifunika.

Saa ya maji ina akili kuliko inavyoonekana. Mshale mfupi wa saa ya kawaida huzunguka mara moja kila saa 12; wa saa hii huchukua saa 12 na dakika 25, kwa sababu mwezi hurudi pale pale angani baada ya saa 24 na dakika 50, nayo bahari humfuata mwezi. Mshale ukiwa juu, maji yamejaa. Ukiwa chini, yamekupwa. Ndani mna betri moja na mashine ya saa iliyopunguzwa mwendo, basi. Sasa Mjomba, katika bandari zote za dunia, aliinunua Southampton, mji ambao maji yake hujaa, hupungua kidogo, halafu hujaa tena kabla ya kutoka. Mshale unaokwenda mwendo mmoja hauwezi kueleza vituko hivyo. Kwa hiyo huko Uingereza ilikuwa pambo, na ni kwetu ndiko ilikofika nyumbani: pwani yote hii maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa adabu, tofauti na baadhi ya sehemu za Ghuba ya Mexico ambako hujaa mara moja tu kwa siku na saa ya namna hii ingekuwa kichaa.

Tatizo ni kwamba kwetu hakuna aliyekuwa akiihitaji. Bibi yangu, ambaye hajawahi kuvua hata dagaa, anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvu hujaa saa kumi na kupwa saa nne. Siku zikisogea anasogeza na yeye, kwa vidole, huku anakuna nazi.

Maelekezo ya saa yanasema itegwe siku ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yakiwa yamefika juu kabisa. Mjomba hakungoja. Aliitega wiki ile ile aliyorudi, katika siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, baada ya kusimama Forodhani akitazama maji na kuamua mwenyewe kwamba yamejaa. Hizo dakika 50 za kuchelewa kila siku ni wastani tu. Jua nalo huvuta bahari, hivyo wakati wa bamvu maji huchelewa kama nusu saa hivi kutoka siku moja hadi nyingine, na wakati wa maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Ukiitega saa siku maji yanapokimbia hivyo, kosa dogo la siku ile utalibeba mwezi mzima, na siku mbaya linafika saa mbili.

Siku mbaya ilikuwa ile tuliyopeleka mahari ya kaka yangu Uzi. Miaka hiyo njia ya gari kutoka Unguja Ukuu kwenda kisiwani ilipita katikati ya mikoko: maji yakitoka unapita, yakijaa unangoja. Mjomba alijitwalia uongozi wa safari. Akatangaza, amesimama chini ya ubao wake, kwamba tukitoka mjini saa tatu tutakuta njia kavu. Gari mbili, wazee mbele, kina mama na masinia ya halua nyuma, watoto juu ya magoti ya watu.

Tulipofika, njia ilikuwa haipo. Palikuwa na maji matulivu, mikoko ikichungulia, na kijana mmoja aliyeegemeza baiskeli yake akisubiri.

“Yanatoka, wazee wangu,” alisema, “lakini bado sana.”

“Saa yangu inasema yametoka tangu alfajiri,” Mjomba akamjibu kutoka dirishani.

Kijana akatazama maji, akamtazama Mjomba. “Basi piteni kwa hiyo saa.”

Tulikaa pale jua likipanda. Ng'ambo ya maji tuliona kanzu za wakwe zetu zimesimama zikitungoja, na kila baada ya muda kanzu moja inapunga mkono, nasi tunapunga. Watoto waligundua kwamba karatasi ya nailoni ya sinia inainuka kwa pembeni bila kutoa sauti. Mama alimgeukia Bibi: kumbe alijua kwamba siku ile maji yangechelewa? “Mlinituma nifungashe halua,” Bibi akasema. “Hamkunituma niangalie maji.” Mahari ilifika kamili. Halua ilifika robo tatu, na wakwe, watu waungwana, walisema wanaipenda hivyo hivyo.

Baromita yeye kosa lake ni jingine: anasema kweli tupu, mahali ambapo kweli hiyo haina kazi. Usoni ana maneno matano ya Kiingereza, kuanzia dhoruba, mvua, mabadiliko, hali njema, hadi ukavu mkubwa. Kila asubuhi kabla ya chai Mjomba hugonga kioo kwa kidole na kusubiri. Huko alikotoka kuna la kusubiri, maana majira ya baridi kanieneo ya hewa huweza kushuka milibari 30 au 40 ndani ya siku chache na kuleta dhoruba nyuma yake. Kwetu, masika inamwagika, mtaro unabeba ndala za watu, na mshale umetulia karibu na hali njema.

Mshale hausimami kabisa, hata hivyo. Kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, hewa ya nchi za joto hupanda hadi saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena hadi saa nne usiku, na hushuka tena kuelekea alfajiri. Ni jua linalopasha moto hewa ya juu na kuiyumbisha, na tofauti yote ni milibari 3 au 4. Uingereza yumbo hilo humezwa na mawimbi makubwa zaidi. Unguja ndilo jambo pekee alilo nalo baromita la kusimulia. Mjomba, akiona mshale umeteremka alasiri, alipiga kelele: “Inashuka! Anueni nguo!” Tukaanua. Kesho yake ikashuka, tukaanua. Dada zangu walianza kufua usiku ili nguo zikauke kabla ya baromita kuamka.

Halafu pakazuka nadharia. Jirani yetu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikaa barazani kwetu wiki ya bamvu akaona jambo ambalo kweli lipo: saa nne asubuhi baromita yuko juu, bahari iko chini, saa kumi jioni baromita yuko chini, bahari imejaa. Akanyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba hewa ndiyo inayoikandamiza bahari, ikilegea bahari inanyanyuka, na habari za mwezi ni mapokeo tu. Baraza zima likatikisika. Likanunuliwa daftari. Mjomba akapewa kazi ya kusoma mshale, muuza kahawa akapewa kazi ya kusoma bahari, akaifanya pale alipopita na wateja wakiwa wachache.

Nadharia iliishi wiki moja. Maji mafu yalipofika, bahari ilijaa saa nne asubuhi na baromita naye akawa juu saa nne asubuhi, wote wawili wamepanda pamoja kana kwamba hawajawahi kugombana. Mwalimu akafunga daftari akasema data ni chafu. Mimi nilimhurumia, kwa sababu alikuwa na chembe ya ukweli. Hewa kweli huikandamiza bahari: milibari moja ikiongezeka, maji hushuka kiasi cha sentimita moja. Milibari tatu ni sentimita tatu. Bamvu letu hupanda zaidi ya meta tatu. Mwalimu alipatia jambo, akalikosea mara mia tu.

Wala asilaumiwe baromita kwa maneno yaliyoandikwa usoni mwake. Robert FitzRoy, yule nahodha wa meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin, na ndiye aliyeanza kutoa maonyo ya dhoruba Uingereza mwaka 1861, aliwaambia mabaharia wasiyategemee maneno hayo, watazame mshale unapanda au unashuka. Unguja ungeshuka kwa haki tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipong'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia Mei 2024, Mjomba aligonga kioo usiku kucha, lakini Bibi alikuwa keshasikia redioni tangu jana yake. Chombo cha kungoja siku moja katika karne kinahitaji nyumba yenye subira, na yetu haina.

Ndipo Mjomba akamzawadia baromita mpwa wake aliyeoa Arusha. Simu ikaja wiki hiyo hiyo: “Shikamoo Mjomba. Huku inasema dhoruba, na jua linawaka.” Arusha iko kiasi cha meta 1,400 juu ya bahari, kanieneo huko ni kama milibari 860, na uso wa baromita ya sebuleni huishia karibu na 950. Mshale ulikuwa umepita dhoruba ukagota ukingoni. Nyuma kuna skrubu ya kurekebisha, lakini mwendo wote huo haiumalizi. Mke wa mpwa, mgeni katika ukoo, hakutaka kuishi na chombo cha Mjomba kinachotabiri maangamizi ukutani mwake, akakirudisha kwa basi, kimeandikiwa jina la Bibi.

Saa ya mwezi sitaisema sana, kwani bado tuna majirani. Ina kisahani chenye miezi miwili iliyochorwa nyuso za watu wanene, kinachozungushwa na gurudumu la meno 59, jino moja kwa siku. Nusu yake ni 29 na nusu. Mwezi wenyewe huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44, kwa hiyo hizo dakika 44 zinalimbikizana na kuzaa kosa la siku nzima kabla ya miaka mitatu. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni jioni ya Shaabani 29, Mjomba alipotamka mbele ya watoto kwamba mwezi umezaliwa. Saa huonyesha mwezi unapopita upande wa jua, wakati hakuna jicho linaloweza kuuona. Hilali huonekana baadaye, mara nyingi jioni ya pili. Watoto hawakungoja ufafanuzi. Kabla ya isha mlango wetu ulijaa watu. Nani kauona? Saa. Saa ya nani? Sheikh wa msikiti wa mtaani akauliza kwa upole kama shahidi huyo ameshabaleghe.

Bibi alikuwa na hoja yake, na mimi naiona ndiyo nzito zaidi. Mwezi wa saa ile, ukiwa mchanga, umesimama wima, umechorwa kwa watu wa kaskazini. Wa kwetu, karibu na ikweta, hulala chali kama dau. “Huyu simjui,” Bibi akasema, na tangu hapo Ramadhani ikikaribia anautundikia ubao ule kanga.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua, nisikilize. Unaishi pwani, chukua saa ya maji, uitege siku ya bamvu maji yakiwa juu kabisa, wala usiitege siku nyingine hata kama umefurahi kiasi gani. Unaishi bara juu, usipokee baromita kwa mtu wa pwani. Ya mwezi waachie wenye sebule kubwa. Na ukiwa na wakwe ng'ambo ya maji, piga simu huko huko waliko uwaulize kama njia ipo, halafu masinia yafungwe nailoni mbili.