Jinsi ya Kusoma Saikolojia na Kriminolojia kwa Pamoja Bila Kumkamata Mtu

Kwanza tazama filamu. Zile ambazo mpelelezi wa FBI huingia chumba cha mauaji, akanusa pazia, akatangaza kwamba muuaji ni mtu wa makamo aliyekosana na mamake. Ukishiba, jaza fomu. Usimuulize yeyote anayesoma kozi hiyo, atakutajia takwimu bure uanze kuogopa mapema.

Maana takwimu ndizo zitakazokupokea. Wewe uliyeikimbia hisabati tangu kidato cha nne utaikuta imekutangulia darasani, imekaa kiti cha mbele. Muuaji wa filamu amepangiwa kipindi kimoja mwishoni mwa muhula. Mwizi wa kuku na kijana aliyepora simu ndio wenye kozi yao, nao wamo kwenye majedwali.

Kisha jiandae kwa jamaa. Siku ya harusi, kati ya pilau na soda, shangazi atavuta kiti. "Hebu nitazame, mwanangu. Waniona mtu wa aina gani?" Usithubutu kumwambia kwamba hamfundishwi kusoma nyuso; karo yako ilichangiwa kwa harambee naye alitoa. Kunja uso, vuta pumzi, sema: "Shangazi, wewe una huruma mno, na watu wanakutumia." Atalengwalengwa na machozi, kisha atakuongezea nyama. Mjomba akiuliza kama utakuwa askari au daktari wa wendawazimu, itikia yote mawili.

Kuna somo moja litakalokufaa kweli. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, wakawauliza kasi. Walioulizwa magari yalikwenda mbio kiasi gani "yalipobamizana" walitaja wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", maili 31.8. Filamu ni zile zile. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, baadhi ya waliosikia neno kali walikumbuka vioo vilivyovunjika, na hakikuwepo hata kipande. Mahakamani jambo hili ni zito, kwani shahidi aweza kukosea bila kudanganya. Nyumbani lina matumizi mepesi zaidi: usiseme umeanguka takwimu, sema mmegusana.

Ukifika mwaka wa mwisho utatamani kuhoji wafungwa. Vizuri. Pitia kamati ya maadili, chukua leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, omba ruhusa ya magereza, rudi kwenye kamati kwa sababu hojaji ina swali linaloweza kumliza mtu. Muhula ukiyoyoma, utaandika tasnifu kuhusu hofu ya wizi kwenye hosteli yenu, na waliohojiwa wote watakuwa marafiki zako.

Ukihitimu, usikimbilie kupaka kibao cha "Mwanasaikolojia". Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, nayo inataka usajiliwe kwanza.

Nimemwacha Cesare Lombroso mwisho makusudi. Mwaka 1876 daktari huyu Mwitaliano alichapisha kitabu kilichodai kwamba kuna watu huzaliwa wahalifu, na kwamba taya kubwa na masikio yaliyochomoza huwaumbua. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring alitoa vipimo vya wafungwa zaidi ya 3,000; sura ya mhalifu haikupatikana. Hata hivyo msome Lombroso kwa makini, kwa sababu mlinzi wa supamaketi anayekuandama kwenye rafu za sabuni ni mwanafunzi wake asiyejijua. Na shangazi naye, kidogo.

Lombroso alifariki mwaka 1909. Kiunzi cha mifupa yake kimesimama katika makumbusho yake huko Turin, pamoja na mafuvu aliyoyakusanya.