Msiba Usio na Mualiko

Pale Biryogo, Nyamirambo, chai ya mnanaa hupoa mezani kwa sababu moja tu: mnywaji kakutana na mbishi mtandaoni.

Safari hii ugomvi ni wa lugha. Mkenya mwenye picha ya simba na Mtanzania mwenye picha ya gari (si lake) wanagombea umiliki wa Kiswahili. Utani wa kale unafufuliwa: kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Jamaa wa Nyamirambo anausoma mara mbili. Rwanda haimo, hata kwenye kuchimba kaburi!

Anaingia kwa kishindo. Mtaa wake, anaandika, ni wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Simba anacheka kwa vikatuni sita. Gari linajibu kwamba ameandika “rugha”.

Hapo ndipo vita vilipoanza hasa.

Mzee wa meza ya jirani ameshaomba sukari mara tatu, kwa Kiswahili fasaha. Bado anasubiri.