Barua ya Wazi kwa Kamati ya Upimaji Bure

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Kupima Afya Bure,
Chini ya Turubai, Mikumi.

YAH: PRESHA YANGU MLIYOITANGAZA HADHARANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naipongeza kamati kwa shughuli iliyofana. Fulana zilitosha, maji ya chupa yalikuwa ya baridi, na mgeni rasmi hakuchelewa kuliko anavyochelewa siku zote. Mimi nilikuwa napita zangu. Kijana wenu akanishika mkono, "Mzee wangu, pima presha, ni bure," na sisi wa Mikumi hatuambiwi bure mara mbili.

Naomba nikumbushe mazingira ya kipimo hicho, maana taarifa mliyomsomea mgeni rasmi haikuyagusa. Nilikalishwa kwenye stuli ya plastiki isiyo na egemeo, mguu juu ya mguu, mkono unaning'inia. Kahawa ya muuza kashata ilikuwa bado ya moto tumboni. Kibofu kimejaa, kwa sababu choo mlikifunga asubuhi ili kibaki safi kwa ajili ya mgeni. Mkanda haukunitosha, kijana akaulazimisha juu ya mkono wa shati. Nyuma yangu spika inapiga singeli, mbele yangu lori la Tunduma linafunga breki, na mashine ikiwa inajipuliza kijana ananiuliza majina matatu, kata na namba ya simu. Ikalia. Akasoma kwa sauti ya mnadani: "Mia sabini na moja kwa mia na nne! Mzee, unatembea na bomu!"

Foleni nzima ikanigeukia. Mama mmoja akanipisha kivulini. Jamaa mmoja ninayemdai akaanza kuniangalia kwa matumaini.

Ushauri niliopewa ni kupunguza mawazo. Ndugu Mwenyekiti, nilifika pale sina mawazo. Haya niliyonayo ni ya kamati.

Niliporudi nyumbani nikauliza wanaojua. Kumbe anayepimwa presha hupumzika kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, na anyamaze. Kisha apimwe tena, na tena siku nyingine, ndipo aitwe mgonjwa. Katika masharti yote hayo kamati ilitimiza moja: sikuwa nimevuta sigara. Na hilo ni kwa sababu sivuti.

Suala la mkanda ndilo lililonikera zaidi. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitoa kipimo chake cha mkanda mwaka 1896, nao ulikuwa mwembamba, sentimita 5 hivi. Mwaka 1901 Mjerumani Heinrich von Recklinghausen akaonesha kwamba mkanda mwembamba unapandisha namba isivyo halali. Hoja hiyo ilifungwa kabla reli ya kati haijafika hata Morogoro mwaka 1907, seuze Kilosa. Leo treni ya umeme inapita kwenye mahandaki ya Kilosa kwenda Dodoma, na mkanda wenu bado ni saizi moja kwa mtoto wa shule na kwa mbeba magunia ya mpunga.

Basi nikafunga safari ya Kilosa kwa shemeji yangu, nesi mstaafu. Nilipita Ulaya. Wajumbe wasishtuke, sijapelekwa ng'ambo kwa fedha za umma. Ni kata yetu ya Ulaya, njia ile ile ya vumbi. Shemeji akanikalisha, nikaanza kumsimulia habari zenu. "Shemu, nyamaza kwanza. Utaongea nikimaliza." Akapima, akasubiri, akapima tena. Kesho yake asubuhi akarudia. Ikatulia kwenye 146 kwa 92.

Hapo ndipo barua hii ilipoharibika. Nilikwenda Kilosa kutafuta ushahidi wa kuwaumbua, nikaondoka na presha. Mpaka ni 140 kwa 90. Wamarekani mwaka 2017 waliushusha wao hadi 130 kwa 80, kwa hiyo kule ningeumwa mapema zaidi. Sikuwa na kichwa kinachogonga wala kizunguzungu, na shemeji anasema ndivyo ilivyo kwa wengi: haiumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Bila turubai lenu nami ningebaki humo. Mlipatia kwa kukosea, na naandika hivyo kwa uchungu.

Ila bomu, hapana. Bomu ni pale namba inapovuka 180 kwa 120 huku kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo unapinda au mkono unakufa ganzi. Huyo hasomewi namba mbele ya foleni, anakimbizwa hospitali.

Swali langu ni nini kilipangwa baada ya picha ya pamoja. Hapa jirani, tembo wa hifadhini akivishwa kola anafuatiliwa popote aendapo. Mimi mlinivisha mkanda, mkauvua, mkakunja turubai. Kikaratasi kilisema niende kituo cha karibu. Nilikwenda. Mashine haina betri, dawa zimeisha, nirudi mwezi ujao. Kidonge cha presha humezwa kila siku, hata siku ambayo namba ni nzuri. Jirani yangu aliacha alipoona imeshuka, sasa anavuta mguu.

Kuhusu chumvi, mhutubu wenu alieleza vizuri sana kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Baadaye nilimwona kwenye meza kuu akichovya mbuzi choma kwenye kisosi cha chumvi na pilipili, pande moja hadi jingine, mpaka kisosi kikaongezwa. Mgeni rasmi naye alipimwa, akiwa amevaa koti, kamera zikiwaka. Namba yake ilisomwa kwa kunong'ona. Mwenyekiti, wewe hukupimwa kabisa.

Naomba sasa bajeti ya spika za mwaka ujao inunue viti viwili vyenye egemeo, meza moja, mikanda ya saizi mbili, betri, na vidonge vya kutosha mwaka mzima kwa kila atakayekutwa na presha. Mkishapanga siku, niambieni. Nitafika mapema, nitakaa kimya, nyayo chini, ila choo kiwe wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mpunga, 146 kwa 92,
Mikumi.

Nakala: Mchoma mbuzi wa meza kuu – kwa utekelezaji.