Halalisheni Bangi, Ikione Cha Mtema Kuni

Kijana mmoja amerudi kwetu Kinole, Morogoro, kutoka mjini na suruali ya kubana na hoja moja: bangi ihalalishwe, itozwe kodi, nchi itajirike.

"Mjomba, Malawi wameruhusu ya dawa na ya viwandani tangu 2020. Mirungi kwa Wakenya ni zao halali la biashara. Sisi tunafungana tu!"

Mpwa wangu, hujui uhalali unavyouma. Mimi nalima pilipili manga, zao lisilo na kesi hata ya kuku. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, tukapiga vigelegele. Tena kisheria mlipaji ni mnunuzi, si mkulima. Mnunuzi naye muungwana: anaukata kwenye bei yangu kabla hata hajanisalimia. Kodi ya kichwa nayo ilifutwa 2003, tukadhani tumepona. Mwaka 2021 ikazuka tozo ya miamala, hata vihela vya kumtumia bibi vikamegwa.

Sasa itazame bangi. Haijui ushuru, haijui risiti. Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ina mamlaka nzima ya kuisaka, na maofisa wanapandisha milima ya Morogoro jasho likiwatoka, wanaifuata hukohuko shambani! Pilipili yangu inanyauka kwa ugonjwa nisioujua, na afisa ugani namsikia redioni. Halafu watu wanabishana kama serikali ni kubwa au ndogo. Kwa mwenye bangi ni kubwa kupita kiasi. Kwangu ni kubwa siku ya mauzo tu.

Wazee wetu Waluguru waliionja serikali kubwa hasa. Mwingereza alilazimisha watu wachimbe matuta milimani, na mwaka 1955 wakachachamaa mpaka mpango ukafa. Lakini jamani, yule angalau alikuja shambani!

Waheshimiwa, bangi iacheni haramu, vijana wetu wanahitaji akili zao. Ila hayo mabuti ya kupandia milima mkigawa, jozi moja mpeni afisa ugani. Nawe mpwa wangu, kabla ya kuihalalisha bangi, lima gunia moja la pilipili manga, uliuze kihalali mpaka mwisho. Hela ikibaki, njoo tuendelee na mjadala.