Namna ya Kuiua Hadithi ya Maneno Hamsini

Mwalimu wa Kiswahili uliyepangiwa Mpanda, karibu Katavi. Huenda semina imekufundisha kuwaandikisha wanafunzi visa vifupi mno, vya maneno 50. Mchezo huo ulivuma Uingereza mwaka 1982, gazeti la Telegraph pamoja na mwandishi Brian Aldiss walipowashindanisha wasomaji: kisa kamili, maneno 50, si 49 wala 51. Uwe macho. Kisa cha namna hiyo husahihishwa kwa dakika moja, na mwalimu anayemaliza kusahihisha mapema huongezewa vipindi vya somo jingine.

Anza na ufunguzi. Mtoto aelewe kwamba pasipo “Hapo zamani za kale katika kijiji kimoja paliondokea mzee mmoja aliyekuwa na mke na watoto wake” hakuna hadithi. Hapo maneno 16 yamekwenda na mzee hajafanya lolote. Kisha dai mwisho wenye adabu: “Hadithi hii inatufundisha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Tisa hayo. Nusu ya kisa imeliwa na hakuna guu lililovunjika.

Mandhari nayo yasiwe ya nyumbani. Mtoto wa Sitalike hupita daraja la mto Katuma akaona viboko walivyobanana matopeni kiangazi. Wa Inyonga anajua asali inavyorinwa usiku, moshi machoni. Wa Mishamo ana babu aliyeikimbia Burundi mwaka 1972. Wote hao waandike juu ya ghorofa la Posta, Dar es Salaam, ambalo hawajalitia machoni, na mhusika aitwe Juma hata kama darasa zima halina Juma. Mkwaju wa Ziwa Katavi, unaosemwa kuwa makao ya mzimu Katabi na watu huacha sadaka chini yake, upige marufuku kabisa. Ule ni kisa tayari, mtoto hatahangaika.

Kwenye kuhesabu maneno, waachie ujanja wao. Anayetaka kubana ataandika “kwasababu”, “kwahiyo” na “nakadhalika”, kila moja limeshikana kama tela na trekta, na neno moja moja litaokolewa. Usiguse. Ukimwambia “kwa sababu” ni maneno mawili, atatafuta pa kupunguza, na huenda akagundua kwamba sentensi inasimama hata akiyafuta. Tukio litafuata tukio, na msomaji itabidi aitafute sababu mwenyewe. Wasomaji wetu tuliwalea wakitafuniwa; si vizuri kuwashtua.

Hatari kubwa ni yule wa dawati la nyuma, asiyenyoosha mkono. Huyo ataleta daftari lenye hiki tu:

“Treni ya Tabora ilifika usiku. Mama alishuka na kuku wawili. Baba hakushuka.”

Maneno 12. Usilisome mara mbili, maana ukilirudia utaanza kumwaza huyo baba, na kuwaza kuku wanavyobebwa usiku na mtu mmoja, na kengele ya kipindi itakukuta hapo hapo. Akikubishia kwamba Augusto Monterroso wa Guatemala alichapisha mwaka 1959 hadithi ya maneno saba inayosomwa mpaka leo, mjibu kwamba bwana huyo hakufanya mtihani wa Baraza la Mitihani. Chukua kalamu nyekundu. Juu ya “treni” andika: ya abiria au ya mizigo? Juu ya “usiku”: saa ngapi? Pembeni mwa sentensi ya mwisho piga mistari miwili: kwa nini? Fafanua!

Kesho yake daftari litarudi limejaa. Baba amepata kibarua Kaliua, atakuja mwisho wa mwezi. Kuku ni wa bibi, mmoja mtetea. Treni ilichelewa kwasababu ya mvua. Mama alifurahi sana, na sote tunajifunza kwamba mvumilivu hula mbivu. Sasa kila kitu kinajulikana na hakuna mwenye haja ya kuuliza.

Mpe saba kwa kumi, umwambie aangalie mwandiko. Kisha umchague aisome hadithi yake mbele ya wenzake, ili na wengine wa dawati la nyuma wajue inavyotakiwa.