Tunatafuta Nini?

Wapenzi wa jiokeshi wana ubishi wao wa siku nyingi: je, mchezo huu unanoga zaidi ukienda peke yako au ukienda na wenzako? Wa upande mmoja husifu utulivu, wa upande wa pili husifu vicheko. Swali ni zuri, ila lina kasoro moja. Linachukulia kwamba mtu anaweza kuwa peke yake. Aliyelitunga hajawahi kuchuchumaa chini ya mti Dar es Salaam saa kumi na moja jioni.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kisanduku mahali, anapapima kwa GPS, kisha anatangaza latitudo na longitudo zake. Wewe unazifuata namba hizo kwa simu, unakisaka, unakifungua, unaandika jina lako na tarehe kwenye kikaratasi kilichomo, halafu unakirudisha palepale. Basi. Ulianza Marekani mwaka 2000, mara tu serikali ya Rais Bill Clinton ilipoacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS waliyokuwa wakiyapata raia. Vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa mita mia hivi vikaanza kukosea kwa mita kumi, ishirini. Bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, hakungoja hata wiki. Tarehe 3 Mei aliacha porini ndoo nyeusi yenye vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage, akatangaza namba zake. Siku hazikupita nyingi, Mike Teague akaenda akaiona. Leo visanduku hivyo duniani vinahesabiwa kwa mamilioni, na vingine vipo kwetu, Bara na Visiwani. Vilipo sisemi, nikisema nimeharibu mchezo.

Lakini hebu itazame tena ile ndoo. Nyeusi, imefichwa, ndani mna manati na maharage. Ingeonekana nyuma ya nyumba ya mtu Mbagala, mtaa mzima ungekesha kwa dua.

Kila nchi ina hofu zake. Uingereza, katika mji wa Wetherby, mwaka 2011 kisanduku cha mchezo huu kilidhaniwa kuwa bomu. Wataalamu wakaitwa, wakakilipua. Huku Pwani hakuna anayewaza bomu. Jioni moja, Dar es Salaam, nilikuwa nimeshika kikopo kilichozungushiwa utepe mweusi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyoviringishwa yenye majina, shanga tatu, sarafu ya nchi nisiyoifahamu na mkono wa mwanasesere, maana wachezaji wana desturi ya kuchukua kitu na kuacha kitu, na wengine huacha wanachojua wenyewe. Nimechuchumaa chini ya mbuyu, midomo inanicheza kwa kusoma majina.

"Kijana."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafukia nini hapo?"

Sheria za mchezo zinakataza kuchimba. Kisanduku hufunikwa kwa majani au mawe tu. Huo haukuwa wakati wa kuzisoma sheria. Nilimjibu kwamba sifukii kitu, nakitoa. Jibu hilo halikunitoa kwenye tuhuma, lilinihamisha tu kutoka uchawi kwenda uganga. Mzee alikisogelea kile kikopo kwa hatua za tahadhari, akaomba kuiona karatasi, akasoma majina na tarehe zake hadi chini, kisha akauliza kwa sauti ya heshima kubwa: "Na hawa wote ni wagonjwa wako?" Kabla sijajibu, mama mmoja mwenye genge lake pale jirani alishatoka na simu mkononi. Biashara yake, alisema, ilikuwa imekaa vibaya tangu mwenzake afungue genge upande wa pili wa barabara. Aliomba namba yangu. Nilimweleza kwa urefu kuhusu satelaiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba namba tena.

Tangu hapo nikawa na jibu la akiba kwa yeyote atakayeniuliza: nimeangusha funguo. Ni jibu zuri, fupi, halina satelaiti. Tatizo lake ni utu wa watu wa Dar. Nililitumia karibu na kijiwe cha bodaboda, na kufumba na kufumbua vijana wanne walikuwa wameinama pamoja nami, mmoja kawasha tochi ya simu ingawa jua lilikuwa bado halijazama, mwingine anapanga eneo la kila mtu. Muuza maji akatua ndoo yake. Akaja mwingine, akainama, akapekua majani kwa bidii kubwa, na baada ya muda ndipo akaniuliza: "Kaka, kwani tunatafuta nini?"

Wakaziona. Naapa. Funguo tatu kwenye pete yenye kisahani cha nembo ya timu ya mpira, zimezama mchangani. Shangwe iliyopigwa pale ungedhani goli la dakika za mwisho. Ningefanyaje? Nikazipokea, nikashukuru, nikatoa ya soda. Kisanduku sikukiona, na nikarudi nyumbani na funguo za mtu nisiyemjua. Kesho yake nilizipeleka kwa mjumbe, ambaye aliuliza maswali mazuri sana kuhusu nilivyozipata, na kila jibu langu la kweli lilizidi kunifanya nionekane mwizi.

Basi nikavuka kwenda Unguja, nikidhani vichochoro vya Mji Mkongwe vitanisitiri. Kuta zile ndefu huyarudisha mawimbi huku na huku, kwa hiyo simu inakwambia mita nne kulia, ukigeuka inakwambia ishirini kushoto. Nilizunguka jengo lilelile hadi paka wakanizoea. Mwishowe mshale ulitulia kwenye baraza, na barazani wameketi wazee wanacheza bao. Mwenye adabu hawaambii wazee wasimame ili apapase walipokalia. Niliamkia, nikakaribishwa kahawa, nikaketi kusubiri waondoke. Magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa nimeshafungwa bao mara kadhaa na kijana wa kando alikuwa ananielekeza kete zangu kwa huruma. Mchezo huu una nyota za kupima ugumu, 1 hadi 5, na nyingine za kupima ardhi. Nyota za kupima baraza hakuna.

Utasema, si uende na kundi? Nimekwenda. Ukiwa na wenzako watu hawakuulizi unafukia nini, wanadhani nyinyi ni watu wa bomba la maji. Ila kundi lina matatizo yake. La kwanza ni shemeji yangu. Tulitembea kwenye jua hadi pwani, tukasaka, tukakiona, nikampa heshima ya kukifungua. Akaikunjua karatasi. Akaitazama pande zote mbili. "Hela ziko wapi?" Nikamwambia hakuna hela, tunaandika majina tunakirudisha. Alinyamaza kidogo. "Yaani nimeacha mechi kuja kutia sahihi?"

Tena kundi halitafuti vizuri. Kila mmoja anasema "hapo nimeshaangalia", naye kaangalia kwa mbali tu, na kisanduku kinabaki katikati ya watu sita kikiwa salama kabisa. Kuna desturi nzuri huko Marekani: aliyekiona kwanza hasemi, anarudi nyuma kimya na kuwaacha wenzake waendelee. Niliwaeleza wenzangu, wakaikubali. Aliyekiona alirudi nyuma kimya, kweli, akasimama na tabasamu la mtu aliyeshinda uchaguzi, akitazama shina moja tu bila kupepesa macho. Halafu kuna chipsi mayai. Kundi likishachoka linadai chipsi mayai, na mwenye wazo la safari ndiye mlipaji.

Sikatai kwamba upweke una utamu wake. Alfajiri ya Jumapili, kabla walinzi hawajabadilishana zamu, nimewahi kuzunguka mti kwa nusu saa nikijiuliza mimi ningeficha wapi, na nikakuta kikopo cha filamu ya kamera mahali hasa nilipokisia. Hapo hakuna wa kukuharibia. Lakini nilipoinua kichwa nicheke, hapakuwa na mtu wa kucheka naye, isipokuwa mlinzi, na yeye hakuwa anacheka.

Ufumbuzi nimeupata nyumbani kwa dada yangu. Ana mtoto wa miaka sita, na mtoto wa miaka sita ni kibali. Mwanamume mzima akiwa peke yake chini ya benchi ni mashaka. Akiwa na mtoto ni mjomba anayecheza na mpwa wake. Walinzi wanatabasamu. Bodaboda wanapunga mkono. Mtoto anaingia chini ya vitu nisivyoweza kuingia, haulizi hela, haamini hata kidogo kwamba satelaiti inajua kuliko yeye, na mara nyingi yuko sahihi. Akikiona kisanduku anapiga kelele kweli, "Mjomba, hiki hapa!", lakini mtoto akipiga kelele nani anageuka? Chakula chake ni ubuyu wa shilingi chache.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: nendeni wawili, na wa pili awe hajamaliza darasa la pili. Ukiwa na mpwa wa umri huo, mtunze. Wangu siazimishi.