Namna ya Kupima Chuma Kilichokunjwa Kikanyooshwa

Kwanza, usipime. Kwenye mijengo ya Kitengela kuna njia iliyozoeleka: fumba jicho moja, kiangalie chuma toka ncha hadi ncha, kisha utamke, "Mkubwa, hiki kimenyooka." Haitaki stima wala kalamu, na mwenye ploti hufurahi, maana chuma kilichong'olewa kwenye nyumba ya zamani ni nafuu kuliko kipya cha hadiwea za Namanga Road.

Ukiwa mbishi, chukua cha D12, chenye unene wa milimita 12, ukikunje kwenye pini ya milimita 36. Gawanya unene wa chuma kwa jumla ya unene huo na wa pini: 12 kwa 48. Ngozi ya nje ya kona imerefuka kwa robo. Fundi wako hana pini hiyo. Ana misumari iliyopigiliwa kwenye ubao na kipande cha paipu, na kona zake za ringi ni kali. Pini ikiwa milimita 12, robo inageuka nusu. Usimwambie, ataongeza bei.

Sasa kinyooshe kwa nyundo. Mtu wa rula atatoa robo kwenye robo apate sufuri, aende zake kunywa chai. Lakini wahandisi wanaofuata kanuni ya Richard von Mises ya mwaka 1913 hawatoi, wanajumlisha. Kwa hesabu ya logi, kukunja kwenye ile pini ya 36 ni 0.22, kunyoosha 0.22 nyingine. Ngozi imebeba karibu 0.45 huku chuma kikionekana kipya. Kikunje tena, kinyooshe tena: hesabu inapanda tu, kama deni kwa mwenye duka asiyefuta daftari. Chuma nacho kinazidi kuwa kigumu na kupoteza uwezo wa kukunjika, mpaka siku kinapopasuka pale pale kwenye kona.

Kwa bati na bodi za magari, chora duara la milimita 10. Likigeuka yai la 12 kwa 10, logi asilia ya 1.2 ni 0.18, zidisha kwa 1.15 inayotoka kwenye kanuni ile ile ya von Mises, upate 0.21. Unene wa bati ndio uliolipia urefu huo. Shida ni moja: duara huchorwa kabla ya ajali. Mshauri dereva wa matatu ya Kajiado ajaze mlango wake viduara kila alfajiri. Abiria watadhani ni mapambo.

Hukuchora? Pima ugumu wa sehemu iliyobonyea, ulinganishe na isiyoguswa. Wahi kabla fundi wa bodi hajapitisha moto wa gesi, kwani joto kali hulainisha chuma na kufuta ushahidi wote.

Anayetaka vyuma vyake vianze upya kwenye sufuri avipeleke matanuru ya Athi River vikayeyushwe. Vitarudi safi kabisa, na bei yake pia itakuwa ya vipya.